Jiko langu linang'aa lakini mkaguzi kaniandikia makosa 4, nimekosea wapi?

mama_jambiani

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie nna kimkahawa changu huku Jambiani, meza sita tu, tunapikia wageni na wenyeji, samaki wa kuchoma, pweza wa nazi, wali, chapati na juisi. Jikoni tupo wanne, mie, mdogo wangu na vijana wawili.

Juzi Jumatano saa 6 mchana, meza zimejaa, kaja mkaguzi wa chakula na mwenzake. Wallahi sikuwa na wasiwasi kwa sababu jiko langu naliosha mie mwenyewe kila usiku, sakafu naipiga jiki, sufuria nazisugua mpaka unaona uso wako, kila anaeingia anasifu. Basi wakazunguka kama nusu saa na kile kidude chao cha kupimia joto, wanachoma hapa wanachoma pale, mwisho nikapewa karatasi ina makosa 4 na siku 14 za kurekebisha.

Makosa yenyewe ni friji inasoma digrii 11, ubao mmoja wa kukatia kila kitu, kuku wa kwenye friza anayeyukia juu ya meza, na sufuria ya wali tuliopika asubuhi ipo pembeni imefunikwa kawa, wakaipima katikati ikatoka 38. Kosa la uchafu hata moja hawakuandika! Ndio maana nimechanganyikiwa, uchafu hamna, harufu hamna, miaka 5 hajaumwa mtu kwangu kwa ninavyojua, sasa kosa liko wapi? Naomba anaejua anifahamishe kwa kina, sitaki kurekebisha ili karatasi itoke tu, nataka nijue nnachokifanya. Na kuku tunamuosha vizuri kwa ndimu na chumvi kabla ya kupika, hilo nalo waliniuliza ila hawakuliandika.

abuu_fumba

Mie naona wamekuonea dada. Chakula kikichemka kila kitu kinakufa, wazee wetu wamekula kiporo maisha yao yote na wali ukifunikwa kawa unalala mpaka asubuhi unapashwa na chai. Rekebisha friji mengine waambie unafanya.

shefu_wa_zamani

Waalaykum salaam dada, pole. Mie nimekaa kwenye majiko ya hoteli miaka 22, nimeanza kuosha sufuria nikamalizia ushefu, na nakwambia kwa moyo mmoja hao hawakukuonea. Wamekutizamia kile ambacho jicho halikioni.

Chakula kilichochacha ukikinusa utakitupa mwenyewe, hicho hakina hatari sana kwa sababu kinajisema. Kinachompeleka mtu hospitali ni kile kinachonukia vizuri na ladha yake haina kasoro, maana vijidudu vinavyoumiza havina harufu. Na vinachotaka ni vitu vitatu, chakula, unyevu na joto la kiasi. Joto lenyewe ni baina ya digrii 5 na 60, hapo katikati ndipo wanapozaana. Kwenye joto kama la Jambiani mchana, digrii 30 na kitu, bakteria mmoja anaweza kuwa wawili kila dakika 20, sasa piga hesabu, ndani ya saa 4 yule mmoja ni zaidi ya elfu nne. Wali wako wa 38 upo katikati kabisa ya joto wanalolipenda, na friji ya 11 si friji hiyo, ni kabati lenye ubaridi, inatakiwa isome 5 au chini yake, na friza iwe chini ya sifuri kwa digrii 18.

Wali khasa ni mtihani. Kuna bakteria wake ambae kabla hujapika anakuwa kwenye mchele kama mbegu ngumu, ukichemsha mbegu haifi, wali ukikaa na uvuguvugu ile mbegu inaamka na inatoa sumu. Na sumu ile ndugu yangu abuu_fumba haiondoki ukipasha, pasha utakavyo. Mtu anatapika ndani ya saa moja mpaka tano au sita baada ya kula, na mara nyingi analaumiwa samaki. Dawa yake ni moja kati ya mbili, ama wali ukae wa moto kweli zaidi ya 60 mpaka unapakuliwa, ama uupoze upesi. Sufuria kubwa haipoi, weka mkono pembeni utaona imepoa lakini katikati bado ina joto saa tano baadae. Sie tulikuwa tunaumwaga kwenye masinia, unatandazwa usizidi vidole viwili, ukiacha kutoa mvuke unaingia kwenye friji. Masinia unayo, huna haja ya kununua kitu.

Ngoja nikuhadithie kitu kilichonibadilisha mie. Hoteli fulani ya pwani ya mashariki, siitaji, tuliletewa jodari mkubwa saa 4 asubuhi. Aliekuja nae alimbeba kwenye ndoo, juu yake gunia lililoloweshwa maji, barafu hamna. Nikamkata, nyama nyekundu inameta, nikainusa haina neno, nikaipika mchana wageni saba wakala. Haikupita nusu saa mmoja anakuja jikoni uso na shingo vyekundu kama kaunguzwa, anashika kifua anasema moyo unakwenda mbio, midomo inamuwasha, kichwa kinamgonga. Baadae wawili wengine. Sie tukadhani mzio, kumbe sio mzio wa mtu, ni samaki mwenyewe. Jodari, vibua na jamaa zao wakikosa barafu tangu wanapotolewa majini, bakteria wanatengeneza ndani ya nyama kitu kinaitwa histamini, na hicho hakitoki kwa kuchoma wala kukaanga wala kugandisha. Alhamdulillah walipewa dawa wakapona siku ile ile, lakini ule uso wa yule mama mpaka leo nnauona. Tangu siku hiyo samaki akifika mlangoni kwangu sinusi kwanza, naweka mkono kwenye ndoo, kama hamna barafu anarudi na alieleta hata kama tunajuana miaka kumi.

Kuku akiyeyukia juu ya meza, nje anakuwa na joto la chumba ilhali ndani bado jiwe. Mtoe friza usiku muweke kwenye friji, kabati la chini kabisa, ndani ya sinia ili maji yake yasidondokee vyengine. Ubao nao ni hivyo hivyo, umekata kuku mbichi umepangusa kwa kitambaa ukakatia kachumbari, kuku ataingia motoni lakini kachumbari haiingii. Hoteli kubwa zinatumia rangi, nyekundu nyama mbichi, buluu samaki, kijani mboga na matunda, lakini kwako hata mbao tatu za kawaida hizi hizi zinatosha ukiziandika kwa rangi ya mlango na kila mtu akajua.

kopo_la_nazi

Mashallah shefu umesema. Mie nataka niseme la ndimu. Kutokuosha kuku haiwezekani jamani kwetu, mtu atakwambia huyu kuku hakuoshwa na hatokula. Lakini nilikuja kufahamu kitu nilipomuona shemegi yangu anaosha kuku kwenye sinki, bomba limefunguliwa kwa nguvu, pembeni yake nusu mita kuna bakuli la saladi limekwisha katwa. Yale maji yanaruka huyaoni. Ndimu inatoa shombo lakini haiui vijidudu, kinachoua ni moto mpaka ndani kwenye mfupa. Sasa mie namuosha kwenye beseni la peke yake, chini, bomba silifungui, maji nayamwaga taratibu, halafu beseni na sinki naosha kwa sabuni na maji ya jiki, na mikono. Na kuku ndio kazi ya kwanza, saladi inakuja baada ya kila kitu kusafishwa.

abuu_fumba

Sawa la sumu ya wali sikuwa nalijua. Lakini wakaguzi nao wana lao. Kwetu wanakuja saa 3 asubuhi, jiko halijawashwa hata, wanatizama sakafu na choo, wanaandika, wanaondoka. Hapo wanapima nini? Saa 2 usiku ambapo ndio kazi kubwa hawaji.

mpemba_mkoani

abuu_fumba nnakuunga mkono hapo, hilo la kuja asubuhi ni kweli na linaumiza kwa sababu anaejitahidi usiku na asiejitahidi wanatoka na karatasi moja.

Ila lile la mwanzo la kuchemsha kila kitu kinakufa ndugu yangu tulisemapo tukumbuke. Machi 2024 hapa kwetu Kisiwa Panza watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki kwa nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa. Nyama ile ilipikwa kama nyama yoyote, si kwamba watu walikula mbichi. Sumu ya kasa haitoki kwa moto. Nakumbuka majeneza yale, kijiji kizima kimenyamaza. Si mambo ya mkahawa najua, lakini toka siku ile mtu akinambia pika sana tu itakuwa salama nnamsimamisha hapo hapo.

bwanaafya_mstaafu

Asalaam alaykum. Nimeikuta hii mada usiku na nimeona niandike kwa sababu kazi hii nimeifanya miaka mingi Unguja na Pemba.

Kwanza dada wa Jambiani nakupongeza kwa kuuliza, wengi wanauliza "nimpe nani nini karatasi itoke". Huyo aliekuja saa 6 mchana na thamomita mkononi ni mtu anaejua kazi yake. Na alivyosema mpemba_mkoani, kukagua jiko lisilopika ni sawa na kumpima homa mtu aliepona. Nilikuwa nikiwaambia vijana wangu waende adhuhuri na waende magharibi, hawapendi kwa sababu hakuna posho ya usiku, tatizo hilo lipo na lazima lisemwe.

Kwa utaratibu, msingi wetu Zanzibar ni Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi namba 2 ya 2006, na chombo chake ni Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, halafu kuna maafisa afya wa manispaa na halmashauri. Mkaguzi akiingia muombe kitambulisho, ni haki yako, na akiandika kosa muulize kipimo alichokipata, muandike wote wawili. Weka daftari. Friji asubuhi digrii ngapi, jioni ngapi, nani kaandika. Daftari lile likionyesha miezi mitatu friji ipo 4 na leo ipo 9, mkaguzi mwenye akili atakuuliza umeme ulikatika lini kabla hajaandika kosa.

Katika hayo aliyokuandikia mie ningeongeza mawili ambayo yananishughulisha zaidi kuliko sakafu. La kwanza mikono. Nionyeshe jikoni kwako kuna sehemu ya kunawa mikono peke yake, ina maji yanayotiririka, sabuni na kitu cha kukaushia, sio kile kisinki cha kuoshea sufuria. Majiko mazuri sana nimeingia hamna. Kijana anatoka chooni anakwenda kunawa wapi? Anapitia kwenye ndoo ya vyombo. Na kadi za afya za wafanyakazi ziwe hazijamaliza muda, lakini kadi haizuii mtu kuharisha leo, kwa hivyo anaeendesha tumbo au ana kidonda kinachotoa usaha mkononi asiguse chakula, na umlipe siku ile, kwa sababu usipomlipa ataficha atakuja.

La pili maji na barafu. Visima vya pwani mnavijua, na barafu watu wanaiona safi kwa sababu ni baridi. Baridi haiui, inalaza tu. Juisi ikitiwa barafu ya maji yasiyochemshwa ni sawa na kumpa mtu yale maji. Mwaka 2016 kipindupindu kilipotushika, biashara ya vyakula na juisi za mitaani ilisimamishwa, na walioumia zaidi kibiashara ni hawa wadogo wa vibao na mikokoteni. Sitaki nione tena.

urojo_wa_mtaani

Nashukuru bwana afya kututaja sie wa mtaani, mara nyingi tunatajwa kwa ubaya. Nauza urojo mwaka wa 9 huu. Urojo wenyewe hauna tabu, unachemka mbele ya mteja kutwa nzima. Tabu yangu ilikuwa vitu viwili na nilivigundua mwenyewe kabla sijakaguliwa na mtu.

Kimoja chatne ya nazi. Nilikuwa nasaga ya siku nzima saa 8 mchana, saa 3 usiku bado naipaka. Nazi mbichi iliyosagwa haichukui muda kwenye joto hili, ukiiangalia pembeni ya bakuli inaanza kutoa vipovu vidogo dogo na juu inakuwa kama inateleza. Sasa nasaga kidogo kidogo mara tatu, nyengine ipo kwenye kidumu chenye barafu.

Chengine ndoo ya kuoshea vibakuli. Nilikuwa na ndoo moja ya maji, kibakuli kinaingia kinatoka kinapanguswa na kitambaa kile kile. Siku moja kabla sijaanza kazi nikakaa kitako nikaitizama ile ndoo ya jana niliyosahau kuimwaga, juu mafuta, chini punje za bajia na vipande vya maganda ya yai, na maji yenyewe yamekuwa kama chai ya maziwa. Nikajiuliza mie mwenyewe ningekunywa kibakuli kilichotoka humu? Nilikaa kimya muda mrefu. Sasa nna ndoo tatu, ya sabuni, ya kusuuzia, na ya tatu ina jiki kijiko kimoja cha chai kwa kila lita ya maji, kibakuli kinakaa mle dakika kadhaa kisha kinapinduliwa kwenye waya kikauke chenyewe bila kitambaa. Maji nabadilisha nikiona yamechafuka, mara sita saba kwa jioni. Kijana wa maji namlipa kwa hayo na hela ile siijutii.

mama_jambiani

Allah awalipe nyote, nimesoma yote mara mbili na mdogo wangu pembeni.

Nimefanya kitu, jana nimeazima thamomita kwa jirani mwenye hoteli, akanifundisha kwanza kuijaribu, unajaza glasi barafu iliyovunjwa na maji kidogo unaiingiza ikisoma 0 ni nzima. Ikasoma 0. Nikaiweka kwenye friji ndani ya glasi ya maji, saa 5 usiku 12, saa 11 alfajiri kabla hatujafungua 9. Kwa hivyo usiku kucha mlango umefungwa haijashuka hata 5! Nilikuwa nadhani ni kwa sababu ya kufungua fungua mchana. Mdogo wangu akachukua karatasi akaibana kwenye mlango akaivuta, ikatoka bila kushika, chini upande wa kulia mpira umechanika kama shibri nzima na wengine umekakamaa. Miaka yote hii naupangusa mpira ule kila siku, unang'aa, na sijawahi kuujaribu.

Wali leo tumeumwaga kwenye masinia manne, baada ya saa moja na robo ulikuwa umepoa kabisa. Mbao tumenunua tatu. Kunawia mikono kweli hatuna bwana afya, tunatumia kile cha sufuria, hilo limenigusa sana, nimezungumza na fundi atie ndoo yenye bomba karibu na mlango wa jiko mpaka tutengeneze sinki.

Swali langu la mwisho, fundi wa friji anasema mpira mpya atapata wiki ijayo. Hizi siku 7 nifanye nini na samaki? Na umeme huku unakatika, juzi saa 3 nzima.

shefu_wa_zamani

Dada usimuweke samaki kwenye friji hiyo kabisa. Nunua dumu kubwa la baridi au hata boksi la foami lile la wavuvi, toboa tundu chini maji yatoke, barafu chini, samaki, barafu juu, wasilale kwenye maji. Barafu iwe nyingi, samaki akizungukwa na barafu inayoyeyuka anakaa karibu na 0, ni bora kuliko friji nyingi za Unguja hata zile nzima. Nunua samaki wa siku moja tu, wakiisha waambie wateja wameisha.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji nzima iliyofungwa inahimili kama saa 4. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48, ikiwa nusu ni 24, kwa hivyo nafasi tupu zijaze chupa za maji zigande, zitakusaidia. Sie tuliopita ule umeme uliokatika Disemba 2009 ukarudi Machi 2010 tulijifunza kwa machungu, nilitupa friza mbili za kamba na ngisi kwa mikono yangu, tajiri kasimama pembeni yangu analia na mie sikuweza kumwambia neno. Lakini tulitupa.

Thamomita usiazime tena, nunua yako ya kuchomeka kwenye chakula, duka za vifaa vya jikoni mjini zinazo. Na baada ya kuichomeka kwenye kuku mbichi uipanguse kwa spiriti kabla hujaichomeka kwenye kitu kilichoiva, wengi wanasahau hapo.

mama_jambiani

Boksi la wavuvi lipo kwa shemegi, namtuma kijana sasa hivi kabla ngalawa hazijarudi.